UZI: Mgonjwa amepona, faktire (bili) haijalipwa, ufunguo wa mlango wa nyuma ninao mimi. Ninyi mngeamuaje?

Nesi_wa_Usiku (mwenye uzi)

Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko Bukavu, ni muuguzi katika hospitali ambayo sitaitaja, na naomba msibahatishe jina lake hapa.

Tuna kijana mmoja, motari wa pikipiki ya abiria, aliyeanguka kwenye mteremko wa Kadutu. Mfupa wa paja ulivunjika vibaya, ukafanyiwa operesheni, akatiwa vyuma vya nje vinavyotokeza kwenye ngozi. Daktari ameshasaini kwamba anaweza kurudi nyumbani. Tatizo ni kaunta: faktire ni dola 480, familia imeleta 130. Kwa hiyo yumo tu. Kitanda chake kimepewa mwingine, yeye analala kwenye godoro chini ya dirisha, lakini kitanda bado kinaandikwa kwenye hesabu yake, dola 3 kila usiku. Nimeliona daftari kwa macho yangu. Jina lake lina mstari mwekundu, na chini yake tatu, tatu, tatu hadi mwisho wa ukurasa. Deni linakua kwa sababu tunamzuia kwenda kulitafutia pesa.

Getini hapiti mtu bila karatasi ya kutoka yenye mhuri. Zamu wetu, yaani mlinzi, ni mzee mkali, hata mchungaji anampekua. Ila kuna mlango wa nyuma, upande wa jiko na shimo la kuchomea taka, na ufunguo wake hukaa na timu ya garde, sisi tunaokesha kazini. Juzi mama wa kijana alinifuata koridoni. Hakunipa pesa, angenipa, ningejua la kumjibu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, usiku nyiye munalalaka kidogo, sivyo?"

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mgonjwa akitoroka, deni lake linakatwa kwenye prime, yaani posho, za timu iliyokuwa garde. Kwa wasiozijua hospitali za kwetu: wengi wetu serikali haitulipi mshahara. Tunaishi kwa prime, na prime inatoka kwenye pesa za wagonjwa. Usiku tuko wanne. Mwenzangu mmoja watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa minervale, karo ya shule. Nikifungua ule mlango, dola 350 na ushee zinatoka kwenye sahani za watu wanne, na watatu kati yao sijawauliza.

ISTM, chuo chetu cha uuguzi, tulifundishwa zile kanuni nne za Beauchamp na Childress, kitabu chao cha maadili ya tiba cha 1979: heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki. Kwenye mtihani zinakaa vizuri. Saa tisa za usiku zinagombana. Ya kwanza inasema kijana ana haki ya kwenda kwao, ya nne inaniuliza haki ya wenzangu iko wapi, na wale mabwana hawakupanga ipi iitangulie nyingine. Walituachia sisi tupime.

Sitaki "Mungu atafungua njia". Nataka mtu aniambie yeye huamuaje mambo yakimkalia hivi, na kwa nini.

Motari_wa_Essence

Weye unauliza nini tena? Umufungulie aende. Mutu hafungwake juu ya pesa. Leo ni yeye, kesho ni miye.

Mlevi_wa_Vitabu

Ngoja niwaletee kitendawili cha Waingereza. Mwaka 1967 mwanafalsafa Philippa Foot aliandika juu ya dereva wa tramu, treni ya mjini, isiyo na breki: akiendelea mbele ataua watu watano, akikata kona ataua mmoja. Tangu hapo maprofesa wamejaza maktaba. Hapa ni vilevile: mmoja anateseka au wanne wanapoteza. Hesabu ukubwa wa maumivu upande huu na ule, chagua palipo padogo. Kijana anapoteza uhuru na kazi, wauguzi wanapoteza prime ya mwezi. Fungua.

Mama_Furaha

Bukavu hatuna hata reli, tramu itatoka wapi?

Mlevi_wa_Vitabu

@Mama_Furaha 😂 ni mfano tu mama.

Mama_Furaha

Najua ni mfano. Nasema mfano umekaa vibaya. Kwenye tramu hakuna wa kuuliza, hakuna kesho, na kila kitu kinajulikana. Huyu dada yuko kwenye jengo lenye watu, mchana upo, midomo ipo. Mbona mnamharakisha kama yuko kwenye usukani?

AG_Mstaafu

Nitasema lisilopendeza, kwa sababu nilikuwa AG, msimamizi wa utawala na pesa, wa hospitali miaka mingi na najua mnavyotuona.

Mnafikiri pesa ya kaunta inaingia mfukoni mwa mtu. Inaingia kwenye mafuta ya jenereta, kwenye oksijeni, glavu, nyuzi za kushonea. Benki za kwetu zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa na pesa walikosa pesa, mnalijua hilo. Niliona hospitali ndogo ikifunga chumba cha operesheni kwa kukosa nyuzi. Akina mama wakapelekwa kwingine kwa pikipiki, usiku, mvua inanyesha. Hao hawakuandikwa kwenye hesabu ya Mlevi_wa_Vitabu, kwa sababu hawana sura.

Na jambo la pili. Asiye na kitu na asiyetaka kulipa wanafanana wakiwa wamelala kitandani. Nimemwona mtu analia kaunta, kumbe ana nyumba ya ghorofa Nguba. Ukifungua mlango wa nyuma mara moja, mtaa mzima unajua kabla jua halijatoka.

Ila hiyo ya kuhesabu dola 3 za kitanda ambacho mtu hakilalii, hapana. Huo si uhasibu. Sheria ya kuwakata wauguzi nayo ilibuniwa na mtu asiyetaka kubeba lawama yeye mwenyewe. Inamgeuza muuguzi kuwa askari.

Wakili_Mwanafunzi

Wakubwa, mnajadili maadili na sheria ipo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 11: hakuna atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kongo, wakati huo Zaire, imo ndani yake tangu 1976. Kanuni yetu ya adhabu nayo, kifungu cha 67, inaadhibu kumzuia mtu kiholela. Deni la hospitali ni deni kama la duka. Mwenye duka akikudai sukari anakufungia stoo? Kwa hiyo swali la dada limekwisha: kumzuia ni kosa, kufungua si kosa.

Msomaji_Nairobi

Kutoka Kenya: huku kwetu Mahakama Kuu iliamua 2015 kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulikuwa kinyume cha katiba. Tulishangilia sana. Na bado watu wanazuiliwa mpaka leo, hata maiti. Hukumu peke yake haifungui geti, jamani.

Nesi_wa_Usiku

@Wakili_Mwanafunzi asante, hilo la kifungu cha 11 sikulijua na nimelinakili. Lakini umejibu swali la hospitali, hujajibu langu. Tuseme hospitali ina kosa. Mimi nikifungua, hospitali haipotezi hata franka moja. Wanaopoteza ni wenzangu watatu.

Frateri_wa_Zamani

Nilikaa seminari kuu mpaka nikamaliza falsafa, kisha nikaoa, kwa hiyo nina vitabu na nina watoto. Nivumilieni, nitakuwa mrefu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana mahali anapomfungulia mlango mtu wa namna hii: kitabu chake Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, kipengele cha 7. Anasema mtu akiwa katika shida iliyo wazi na ya haraka, asiyeweza kusaidiwa kwa njia nyingine, akichukua mali ya mwingine kujiokoa, huo si wizi. Niliposoma mara ya kwanza niliruka kwa furaha. Karne ya 13, mtawa, anasema hivyo! Lakini somo lote linasimama juu ya jambo jingine alilolisema mistari michache kabla: kwamba kile watu walicho nacho cha ziada ni haki ya maskini. Tomaso alikuwa anaangalia ghala lililojaa. Prime ya muuguzi ambaye watoto wake wamefukuzwa shule si ghala. Na "hakuna njia nyingine", hilo nalo halijathibitishwa hapa.

Sasa Kant, mwanafalsafa Mjerumani. Wote mnamjua kwa ile habari ya 1797, ya muuaji anayebisha hodi na kuuliza rafiki yako yuko wapi, Kant akasema hata huyo usimdanganye. Wanafunzi wa seminari hucheka hapo. Mimi namkumbuka zaidi kwa alichoandika miaka miwili kabla, 1795: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo haliwezi kufanyika ila kwa kufichwa, lina kasoro. Kipimo hicho sisi watu wa Kivu tunacho bila Kant. Tunacho kwenye baraza. Jambo utakalolifanya, je, waweza kusimama mbele ya wazee na mbele ya walioumia, ukalisema kwa sauti? Dada, ungeweza kusimama mbele ya wale watatu ukasema "nilifungua"?

Kuna Mwingereza mmoja, Henry Sidgwick, aliyeandika 1874 kwamba yawezekana jambo likawa sahihi likifanywa kwa siri na likawa baya likijulikana. Ndiyo hasa hoja ya mlango wa nyuma: mmoja akitoka kimya, hospitali haifi, wakijua wote, inakufa. Kwa hesabu zake ni sawa. Mimi inanikera. Kila anayekula rushwa mjini hapa ni mwanafunzi wa Sidgwick bila kujua.

Motari_wa_Essence

Frateri umesema mingi sana lakini mutu angali kwenye godoro.

Frateri_wa_Zamani

Kweli kabisa. Hapo umenikamata.

Ustadh_wa_Kasongo

Assalam alaykum. Naongeza la upande wetu, maana linakwenda sambamba na la Frateri kisha linampita kidogo.

Wengi wanaijua kanuni ya kwanza: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Wanaishia hapo, na ndiyo raha yao. Wanasheria hawakuishia hapo. Katika Majalla, kitabu cha sheria cha Waothmani wa Uturuki ya zamani, kifungu cha 33, imeandikwa kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mfano wake vitabuni: mwenye njaa ya kufa akila chakula cha mtu bila ruhusa, hana dhambi, lakini analipa thamani yake baadaye. Mambo mawili mbalimbali. Ruhusa ya kutenda ni moja, na nani abebe gharama ni nyingine.

Ninyi mnabishana kama dada afungue au asifungue. Mimi nauliza deni linakwenda kwa nani. Likienda kwa aliyeokolewa, na yeye akalikubali, mlango ni mdogo. Likienda kwa wenzake wasiojua, amefanya sadaka kwa mali isiyo yake.

Nesi_wa_Usiku

Ustadh, hilo limenikaa. Sadaka kwa mali isiyo yangu. Ndiyo neno nililokuwa nalitafuta tangu juzi.

Mama_Furaha

Na mimi nina swali dogo. Mmetaja Wajerumani, Waingereza, Waothmani, mama wa kijana, wauguzi watatu, zamu na AG. Yeye kijana anasemaje?

Mlevi_wa_Vitabu

Anataka kutoka, mama. Ni wazi.

Mama_Furaha

Wazi kwa nani? Nimesoma uzi wote tangu juu. Hajasema neno.

Nesi_wa_Usiku

Narudi. Mama_Furaha, Mungu akuzidishie.

Nilimwuliza, usiku huo huo, nikimbadilishia bendeji. Vidonda kwenye mashimo ya vyuma husafishwa pole pole, kimoja kimoja, kwa hiyo muda wa kuongea upo. Hakujua hata kama mama yake alinifuata. Akasema hataki kutoroka. Sababu zake ni hizi, na hakuna hata moja iliyokuwa kichwani mwangu. Vyuma lazima viondolewe baadaye, na ni hapa hapa vilipowekwa. Akikimbia, atarudi vipi kuomba kuondolewa? Pili, ana pikipiki ya mtu. Mwenye pikipiki akisikia ametoroka hospitali, nani atampa tena pikipiki? Na zamu wetu anakaa avenue moja na familia yao.

Anachotaka ni kwenda nyumbani akiwa na karatasi, hata kama karatasi hiyo ni ya deni.

Nilikuwa napima haki yake ya kwenda dhidi ya prime zetu, na yeye alikuwa anauliza kitu kingine kabisa.

AG_Mstaafu

Basi hapo kazi inakuwa ya kawaida, na kazi ya kawaida naiweza. Sikiliza. Aandike karatasi ya kukubali deni. Kiasi cha mwanzo, si na hizo tatu tatu. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wao, asaini kama shahidi. Halafu mtafute mdhamini. Motari huwa wana ushirika wao, wana kasha, mfuko wa pesa za pamoja. @Motari_wa_Essence, ni kweli au si kweli?

Motari_wa_Essence

Kasha iko. Lakini munajua kasha, ni ya ajali na ya kilio. Deni ya zamani hawalipake. Nitauliza prezida wetu. Munitumie jina ya parking yake kwa siri, si hapa.

Wakili_Mwanafunzi

Napinga. Mkifanya hivyo mnahalalisha kizuizi. Mnaifundisha hospitali kwamba kumshika mtu kunafanya kazi, mwishowe mdhamini anatokea. Haki haiombwi kwa mdhamini.

AG_Mstaafu

Na wewe unataka huyu kijana alale chini mpaka mahakama iamue?

Wakili_Mwanafunzi

Sijasema hivyo. Nasema mfanye yote mawili: atoke kwa karatasi, na barua ya malalamiko iandikwe ikitaja kifungu cha 67, ili kanuni ya kukata prime iondolewe. Msipoandika, mwezi ujao mtakuwa na uzi mwingine kama huu.

Ustadh_wa_Kasongo

Hapo nakubaliana na kijana. Kuondoa dhara la mmoja na kuacha mlango unaoleta dhara ni kazi nusu.

Nesi_wa_Usiku

Habari za baadaye, maana wengi mmeniuliza kwa siri.

Kwanza niliongea na wenzangu watatu, wote pamoja, kwenye chumba cha garde. Frateri, hilo la baraza nililichukua kama lilivyo. Mmoja alikasirika kwamba niliwahi hata kufikiria mlango wa nyuma bila kumwambia. Yule wa minervale, niliyekuwa namwonea huruma, ndiye aliyesema kwanza kwamba yuko tayari kusaini barua ya kupinga kukatwa prime. Akasema amekatwa kwa ajili ya mtu aliyetoroka mwaka jana na hakuwahi kuonyeshwa hesabu.

Kijana ametoka. Kwa magongo, kwa geti la mbele, karatasi mkononi. Ushirika wa motari umetoa dola 100, zilizobaki amesaini kulipa kidogo kidogo, na tarehe ya kuondoa vyuma imeandikwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo. AG wetu alifuta zile tatu tatu, kwa ajili yake tu. Nilimwuliza na wengine je. Akasema "tutaona". Barua tumeipeleka, tumepewa nakala yenye mhuri wa kupokelewa, jibu bado.

Sasa msiniambie hongera. Pembeni ya godoro lake kuna mama mzee kutoka upande wa Kabare, alifanyiwa operesheni ya tumbo. Hana ushirika. Hana pikipiki, hana mtoto mjini, shefu wa avenue hamjui. Aliona yote. Alimwangalia kijana akivaa shati, kisha akaniuliza kwa Mashi, lugha ya kwao, kama naye atapewa karatasi. Nikamwambia nitauliza.

Kila tulichojifunza hapa kilimfaa mtu mwenye watu. Yeye je?

Mlevi_wa_Vitabu

Hapa ndipo hesabu yangu ilikuwa na maana, msinicheke. Yeye anateseka kuliko kijana, na deni lake pengine ni dogo zaidi.

Nesi_wa_Usiku

Ni dola 190. Na ni kweli, sikucheki.

Frateri_wa_Zamani

Kuna mwanafalsafa, Bernard Williams, aliyesema kwamba hata ukichagua vizuri, ule wajibu ulioushinda haufutiki; unabaki unakudai. Hisia hiyo si ugonjwa wa muuguzi aliyechoka, dada. Deni ni la kweli. Ila naona si lako peke yako. Mimi natoa 10, niambie kwa njia gani.

Mama_Furaha

Natoa 5. Na kabla ya kuchanga, mumwulize na yeye anataka nini. Kabare si mbali, huenda kuna ndugu wasiojua kama yuko hai.

AG_Mstaafu

Michango ni mizuri lakini itamtoa yeye tu. Nesi, hospitali nyingi zina fungu la wasiojiweza, dogo, linalolala kwa sababu hakuna anayejaza karatasi zake. Ulizia huduma ya jamii, kama ipo. Parokia au mituele ya afya ya kwao, chama cha kuchangiana matibabu, wanaweza kumthibitisha badala ya shefu wa avenue. Mwuguzi anaruhusiwa kujaza fomu kwa niaba ya mgonjwa, daktari anasaini chini. Usiandike "maskini", andika hana mtu wa kumlipia, kaingia tarehe fulani, kaidhinishwa kutoka tarehe fulani, siku zilizozidi ni kadhaa. AG wako akiona hizo siku zimeandikwa kwa wino atajua kwamba barua ya wakili wetu mdogo inaweza kuzikuta. Uipeleke kabla hawajafunga hesabu za mwezi. Zikishafungwa watakwambia urudi mwezi ujao, na mimi mwenyewe niliwahi kuwaambia watu hivyo mara nyingi.

Nesi_wa_Usiku

Hesabu zinafungwa Ijumaa. Niko garde leo, fomu naichukua asubuhi nikitoka. Mwenye kujua Mashi vizuri kuliko mimi na yuko karibu na Kadutu anijulishe kwa siri, nataka nimwulize maswali yote bila kukosea.

Motari_wa_Essence

Mi ni Mushi, Mashi ni luga yetu. Saa ngapi?